Pembe za Ndovu na Nafsi Iamrishayo Maovu

Vijana wetu wanaosoma katika shule za juu na vyuo hukutana na kitabu kidogo cha Kiingereza kiitwacho Heart of Darkness, ambacho kwa Kiswahili twaweza kukiita Moyo wa Giza. Kimetungwa na Joseph Conrad, na ni miongoni mwa hadithi mashuhuri kabisa zilizoandikwa na Mzungu juu ya ukoloni wa Wazungu katika Afrika. Wakiisha kukisoma hutujia na mojawapo ya mambo mawili. Mmoja, ambaye bado anatafuta dini ya kweli, huuliza: Iliwezekanaje watu waliotoka katika nchi zilizojaa makanisa na sheria na vitabu, wafanye maovu kama yale kwa ajili ya pembe za ndovu? Mwingine, ambaye ameingia katika Islam karibuni, haulizi, yeye hufurahi. Husema: Mmeona? Hii ndiyo sababu nimewaacha. Yule wa kwanza anastahili kujibiwa, na huyu wa pili anastahili kuonywa; na jibu na onyo vyote viwili vimo katika jambo moja, nalo ni namna tamaa ya mali inavyofanya kazi ndani ya nafsi ya mwanadamu.

Kwanza tumjue mtungaji. Conrad hakuwa Mwingereza kwa kuzaliwa. Alizaliwa mwaka 1857 na wazazi wa Kipolandi, katika nchi iliyokuwa chini ya dola ya Urusi, na baba yake alipelekwa uhamishoni kwa sababu ya siasa. Basi tangu utotoni alijua maana ya kutawaliwa na wageni. Alikuwa baharia kwa miaka mingi, akapata uraia wa Uingereza mwaka 1886, na mwaka 1890 aliajiriwa na kampuni ya Kibelgiji iliyofanya biashara katika Kongo ya juu. Nchi hiyo wakati ule ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Dola za Ulaya, zilipokutana Berlin mwaka 1884 na 1885, zilimwachia ardhi yenye ukubwa wa zaidi ya mara 70 ya ufalme wake, naye alitangaza kwamba nia yake ni kukomesha biashara ya watumwa na kufungua njia ya ustaarabu. Mfalme huyo hakukanyaga Kongo hata siku moja.

Conrad alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 300 kutoka Matadi mpaka Kinshasa, kwani reli ilikuwa haijajengwa, kisha akapanda meli ya mvuke iliyoitwa Roi des Belges mpaka Stanley Falls, mahali ambapo leo pana mji wa Kisangani, na ambapo Kiswahili chasemwa hata leo. Katika safari ya kurudi meli ilimchukua wakala mmoja mgonjwa wa kampuni, Georges-Antoine Klein, naye akafa njiani. Mwandishi alirudi Ulaya kabla hajatimiza mwaka, afya yake imeharibika. Miaka minane ilipita kabla hajaandika hadithi hii, nayo ikachapishwa katika gazeti la Blackwood's mwaka 1899, kisha ndani ya kitabu mwaka 1902. Katika mswada wake wa mkono, jina la Klein limo mahali ambapo baadaye aliandika Kurtz. Lakini hapana ushahidi kwamba Klein alitenda maovu anayoyatenda Kurtz wa hadithi, nasi tusimsingizie maiti.

MTU WA HESABU

Msimulizi wa hadithi ni baharia aitwaye Marlow. Anafika katika kituo cha kwanza cha kampuni na kuona Waafrika waliofungwa minyororo shingoni wakibeba udongo, na baruti ikilipuliwa katika mwamba ambao haukuzuia njia yo yote. Anatafuta kivuli chini ya miti, na hapo anakuta wafanya kazi waliochoka na kuugua, ambao wamejikokota wapate mahali pa kufia. Walikuwa wameletwa kutoka pwani zote kwa mikataba halali ya muda. Hakuna aliyewapiga risasi. Wameachwa tu, kwa kuwa kazi yao imekwisha.

Kutoka hapo, kwa hatua chache, Marlow anakutana na karani mkuu wa hesabu. Mtu huyu amevaa kola nyeupe iliyopigwa wanga, koti safi, viatu vinavyong'aa. Vitabu vyake vya hesabu vimepangwa vizuri ajabu. Mgonjwa mmoja amelazwa ofisini mwake juu ya kitanda cha magurudumu, na karani analalamika, kwa upole, kwamba mlio wa mgonjwa unamsumbua, maana ni vigumu kuepuka makosa ya hesabu pakiwa na kelele kama hizo.

Kwa maoni yangu huyu ni mtu wa kutisha zaidi kuliko Kurtz mwenyewe, ingawa waalimu wa vyuoni humpita upesi. Hakuua mtu. Pengine hakuiba hata senti moja. Kosa lake ni kwamba jicho lake limezoea tarakimu mpaka halioni tena mtu. Kurani Tukufu ina sura fupi, Al-Humaza, inayomweleza mtu wa namna hii. Humo tunafundishwa habari za yule anayekusanya mali na kuihesabu mara kwa mara, akidhani kwamba mali yake itamdumisha milele (104:3-4). Tazameni kwamba aya hizo hazitaji wizi. Zinataja kukusanya na kuhesabu, kisha zinataja dhana iliyo nyuma ya kuhesabu huko. Na adhabu inayotajwa katika sura hiyo ni moto ufikao nyoyoni (104:7-8), kwa sababu nyoyoni ndimo ugonjwa ulimoanzia.

Katika kituo cha pili mambo ni mabaya zaidi na ya kuchekesha zaidi. Wazungu wa hapo hawana kazi. Mmoja ameajiriwa kufyatua matofali, na kwa mwaka mzima hakuna tofali hata moja. Ghala inashika moto, na mtu anakimbilia mtoni na ndoo yenye tundu. Wote wanangoja jambo moja: kupelekwa katika kituo chenye pembe ili wapate fungu lao katika mauzo. Marlow anawaita mahujaji, kwa dhihaka, kwani wanatembea na fimbo ndefu mikononi kama watu waendao ziara takatifu, na neno pembe hawaachi kulitaja kwa minong'ono, kama kwamba ndilo wanaloliabudu. Mtungaji hakuwa mtu wa dini sana, lakini hapa amegusa ukweli wa dini: kwamba moyo wa mwanadamu hauwezi kukaa bila kuabudu, na ukiacha kumwabudu Mola wake hautabaki mtupu. Sura At-Takathur yatufundisha kwamba kushindania wingi huwashughulisha watu mpaka wafike makaburini (102:2-3). Katika kituo kile makaburi yalikuwa karibu sana, maana homa iliwaua mawakala kila mara. Hata hivyo mashindano hayakupungua.

MTENGENEZAJI

Katika kila kituo Marlow anasikia sifa za mtu mmoja aliye mbali, juu ya mto. Huyo ndiye Kurtz. Anapeleka pembe nyingi kuliko mawakala wote wengine wakijumlishwa. Tena si mfanya biashara tu. Ni mchoraji, ni mwanamuziki, ni msemaji ambaye sauti yake huwateka wasikilizaji. Amekwenda Afrika akisema kwamba kila kituo cha biashara kinapaswa kuwa taa ya maendeleo njiani. Chama kimoja cha Ulaya, chenye nia ya kukomesha desturi za kishenzi, kimemwomba aandike ripoti ya kukiongoza katika kazi yake, naye ameandika kurasa 17 za maneno mazuri yaliyojaa huruma. Lakini mwisho wa ripoti, kwa mwandiko wa mkono uliotetemeka, ameongeza sentensi moja inayotaka wenyeji wote wale waangamizwe.

Kurtz amejifanya mungu wa vijiji vilivyo kandokando ya mto. Wakuu wa vijiji humjia wakitambaa. Huvamia vijiji vingine na kunyang'anya pembe kwa bunduki. Kijana mmoja wa Kirusi, anayempenda na aliyemwuguza katika maradhi mawili, karibu apigwe risasi naye kwa ajili ya pembe chache alizopewa na mzee wa kijiji. Kuizunguka nyumba yake kuna miti iliyochomekwa vichwa vya watu, na vichwa hivyo, isipokuwa kimoja, vimeelekezwa nyumbani.

Sasa turudi kwa swali la yule kijana: Iliwezekanaje? Wasomaji wengi hujibu kwamba ustaarabu wa Kurtz ulikuwa unafiki tangu mwanzo. Jibu hili ni jepesi mno. Mnafiki anajua kwamba anasema uongo. Kurtz, kadiri hadithi inavyoonyesha, aliamini aliyoyaandika. Kurani Tukufu, mwanzoni kabisa mwa Sura Al-Baqara, inataja watu ambao wakiambiwa wasifanye uharibifu katika nchi, hujibu kwamba wao ni watengenezaji tu. Na aya ifuatayo inaeleza kwamba hao ndio waharibifu, ila hawatambui (2:12-13). Neno hilo la mwisho ndilo la kuzingatiwa. Hawatambui. Mtu akiisha kujiona mtengenezaji wa wenzake, na huku tamaa yake imekaa nyuma ya mlango, basi kila atakachokitaka kitamjia kimevaa vazi la wema.

Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba mbwa-mwitu wawili wenye njaa wakiachiwa katika kundi la kondoo hawaleti madhara makubwa kuliko yale ambayo tamaa ya mali na ya cheo huyaleta katika dini ya mtu. Wanavyuoni wameeleza mengi juu ya hadithi hiyo. Mimi naona Kurtz ni maelezo yake kamili, kwani mbwa-mwitu wake walikuwa wawili kwelikweli. Pembe peke yake zingalimfanya mwizi. Sifa peke yake zingalimfanya mwenye majivuno. Vilipokutana viwili hivyo mahali pasipokuwa na wa kumzuia, vilimfanya adai ibada.

Na hapa pana elimu ambayo Seyidna Ahmad (a.s.), Masihi Aliyeahidiwa, aliieleza katika hotuba yake maarufu iliyosomwa katika mkutano wa dini mbalimbali huko Lahore mwishoni mwa Desemba 1896, yaani kiasi cha miaka miwili tu kabla ya Conrad kushika kalamu aandike hadithi hii. Alionyesha kutoka katika Kurani kwamba hali za mwanadamu zina chemchemi tatu. Ya kwanza ni nafsi ammara, yaani nafsi iamrishayo maovu, ambayo humvuta mtu kufuata matamanio yake kama mnyama (12:54). Ya pili ni nafsi lawwama, nafsi ijilaumuyo, ambayo humsuta mtu akosapo (75:3). Ya tatu ni nafsi mutmainna, nafsi ituliayo, iliyopata raha kwa Mungu na ambayo haivutwi tena na uovu (89:28). Na alieleza kwamba tabia za kimaumbile, kama upole au huruma, si wema bado. Huwa wema pale zinapotumiwa kwa akili na mahali pake, chini ya uongozi wa sheria ya Mungu.

Tumwangalie Kurtz kwa taa hii. Alipokuwa Ulaya nafsi yake ammara ilikuwepo, lakini ilikuwa imezungukwa. Palikuwa na askari wa polisi kwenye njia panda. Palikuwa na majirani wenye midomo, na magazeti, na mchumba wake na jamaa za mchumba. Vitu hivi vilimshika kama vile kamba zinavyoishika hema. Marlow mwenyewe anawaeleza wasikilizaji wake jambo hili, kwamba wao wanaoishi kati ya polisi na majirani hawawezi kufahamu mahali ambapo hayo hayapo. Hema ile ilipopelekwa pasipokuwa na kamba, ilianguka. Ndani yake hapakuwa na nguzo. Nguzo hiyo ndiyo tuiitayo taqwa, yaani kumcha Mungu anayemwona mtu hata kwenye kona ya mto ambako hakuna jicho lingine.

Kurtz aliacha picha ndogo aliyoichora katika kituo cha kati. Ni picha ya mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni na huku amebeba mwenge unaowaka. Wahakiki wameizungumza sana picha hii. Waahmadiyya hawatashangaa wakikumbuka mafundisho ya Masihi Aliyeahidiwa (a.s.) juu ya Dajjali, kwamba si jitu la ajabu lenye jicho moja usoni, bali ni kundi la watu ambao jicho lao la dunia ni kali na jicho lao la dini limepofuka. Mwenge mkononi, kitambaa machoni.

WALIOKUWA NA NJAA

Kuna sehemu moja ya hadithi hii ambayo husahauliwa. Meli ya Marlow ilikuwa na wafanya kazi wa Kiafrika kiasi cha 30, na Wazungu watano tu. Conrad anawaita wafanya kazi hao walaji wa watu. Maneno hayo yana kasoro, nasi tutayarudia. Walilipwa kila juma vipande vitatu vya waya wa shaba, wanunulie chakula vijijini. Lakini vijiji vilikuwa vimehamwa, au watu wake walikuwa wakali, au mkuu wa safari hakutaka meli isimame. Nyama ya kiboko waliyokuja nayo ilioza, na wale mahujaji wakaitupa mtoni kwa sababu ya harufu. Basi watu wale walikuwa na njaa kali, na walikuwa wengi, na wenye nguvu, na hawakumgusa mtu. Marlow anastaajabu. Anajiuliza ni kitu gani kilichowazuia, na hapati jibu.

Malipo yale ya waya yalikuwa halali katika vitabu vya kampuni. Yule karani wa kola nyeupe angaliweza kuyaonyesha mstari kwa mstari. Sura Al-Mutaffifin inawakemea wale ambao wakijipimia kutoka kwa watu huchukua kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza (83:2-4). Na mshahara usionunua chakula ni kipimo kilichopunguzwa, hata kama kimelipwa siku yake. Ama kuhusu kule kujizuia kwao, Mwislamu aliyewahi kufunga Ramadhani hana haja ya kustaajabu sana. Anajua kwamba tumbo tupu si lazima limfanye mtu kuwa mnyama. Waliokuwa wanyama katika meli ile walikuwa wameshiba.

Sasa juu ya kasoro. Mwaka 1975 mwandishi wa Nigeria, Chinua Achebe, alitoa hotuba katika Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani, akamshtaki Conrad kwamba amewafanya Waafrika kuwa pazia tu la nyuma ambalo mbele yake roho ya Mzungu mmoja inavunjika. Shtaka hili lina nguvu. Katika kitabu chote Waafrika karibu hawapewi maneno ya kusema, wala majina. Conrad aliona dhuluma, akaichukia, lakini hakuwasikia waliodhulumiwa. Mafundisho ya Kurani kwamba Mungu aliwaumba watu mataifa na makabila ili wajuane, na kwamba mwenye heshima zaidi kwa Mungu ni yule anayemcha zaidi (49:14), yanataka zaidi ya kuwahurumia watu. Yanataka tuwajue. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kitabu kitupwe. Daktari anayeueleza ugonjwa wa nduguye vizuri anafaa kusikilizwa, hata kama hajui kitu juu ya majirani.

NENO KWA YULE ANAYEFURAHI

Mwanzoni nilimtaja Mwislamu mpya ambaye hufurahi akisoma kitabu hiki. Ningependa sasa nikae naye kidogo.

Ndugu yangu, nimekwisha sema kwamba meli ya Conrad ilifika Stanley Falls. Je, wajua ni nani aliyekuwa ameteuliwa kuwa liwali wa mahali pale, kwa niaba ya Mfalme Leopold, miaka mitatu tu kabla, mwaka 1887? Alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, mtu wa Unguja, Mwislamu, aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili hiki tunachokiandika. Mapatano yale yalifanywa Unguja pamoja na Stanley. Misafara yake na ya wenzake ilikuwa imeingia Maniema na mto Lualaba kabla ya Mbelgiji ye yote, nayo ilitafuta kitu kile kile: pembe za ndovu. Vijiji vilichomwa. Watu walifungwa minyororo na kubebeshwa pembe mpaka pwani, na wengi hawakufika. Kiswahili kilifika Kisangani kwa njia hiyo. Tunafurahi kwamba lugha yetu imeenea, lakini tusisahau ilivyosafiri.

Watu wale walisali. Walifunga Ramadhani. Walijua, au walipaswa kujua, kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Mungu Mwenyewe atakuwa mshtaki, Siku ya Kiyama, wa mtu anayemuuza mtu huru na kula thamani yake. Walikuwa na Kurani ambayo inaiita kazi ya kumwacha huru mtumwa kuwa njia ya mlimani (90:12-14). Wao walifuata njia ya kwenda bondeni. Basi kama maovu ya mawakala wa Leopold yanathibitisha kwamba dini yao ni batili, tutasema nini juu ya maovu ya hawa? Wala haitoshi kujibu kwamba hawa hawakuwa Waislamu wa kweli, maana Mkristo naye atajibu vivyo hivyo juu ya Kurtz, na tutakuwa tumebaki na maneno matupu pande zote mbili.

Haki inatutaka tuseme jambo jingine pia. Waliosimama na kutangaza maovu ya Kongo walikuwamo Wakristo. George Washington Williams, Mmarekani mweusi, aliandika barua ya wazi kwa Mfalme Leopold mwaka 1890, akiwa pale pale Stanley Falls, akieleza aliyoyaona. William Sheppard, naye Mmarekani mweusi na mmisionari wa Kipresbiteri, mwaka 1899 alifika katika kambi ya wavamizi waliotumwa na serikali na kuhesabu mikono 81 ya kulia iliyokuwa ikikaushwa juu ya moto. Mwaka 1904 Alice Harris, mke wa mmisionari wa Kiingereza, alipiga picha ya baba mmoja aliyeketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vitu pekee alivyoletewa. Wakati huo kilichotafutwa zaidi kilikuwa mpira wa porini, na kijiji kilichoshindwa kuleta kiasi kilichotakiwa kiliadhibiwa. Kurani Tukufu, inapowataja watu wa Kitabu, inaeleza kwamba hawako wote sawasawa (3:114). Basi nasi tusiwafanye sawasawa.

Wewe uliyefunga baiat, kumbuka kwamba masharti yake kumi yalitangazwa mwezi Januari 1889, mwaka mmoja kabla ya safari ya Conrad. Sharti la nne ni la kutokuwadhuru viumbe vya Mungu, na hasa Waislamu, kwa tamaa za nafsi, kwa mkono wala kwa ulimi wala kwa njia nyingine yo yote. Halisemi umkimbie Mzungu. Adui anayetajwa humo ulikuja naye mwenyewe siku ile ulipoweka sahihi, na utarudi naye nyumbani, dukani kwako, penye mizani yako na daftari lako la wanaokudai mshahara.

KARATASI ILIYOCHANWA

Kurtz anafia ndani ya meli. Kabla ya kukata roho anatamka neno moja la kutisha, mara mbili, kama mtu aliyeona kitu. Marlow anaona kwamba katika neno hilo Kurtz amejihukumu mwenyewe, na anauita huo ushindi wa namna fulani. Kwa lugha tuliyoitumia, hiyo ilikuwa sauti ya nafsi lawwama, iliyonyamazishwa miaka mingi, ikipata nafasi ya kusema wakati hakuna tena la kutenda. Sisi hatuwezi kuuita ushindi. Kurani inaeleza habari za Firauni kwamba alikiri imani wakati maji yalipomfikia, naye akaulizwa: sasa tena? (10:91-92). Lakini Mungu ndiye ajuaye aliyomo moyoni mwa mtu saa ile, nasi hatukupewa kazi ya kumhukumu maiti, hata maiti wa hadithi.

Marlow anarudi Ulaya na makaratasi ya marehemu. Mwandishi wa magazeti anamjia akitaka ripoti ile ya kurasa 17. Marlow anampa, lakini kwanza anaichana ile sentensi ya mwisho, iliyotaka watu waangamizwe. Ripoti inakwenda kupigwa chapa ikiwa safi, yenye huruma tupu. Kisha anakwenda kwa mchumba wa Kurtz, ambaye bado amevaa nguo za matanga, naye anamwambia kwamba neno la mwisho la marehemu lilikuwa jina lake.

Yaliyotokea baadaye katika dunia yalifanana na hadithi. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ambaye Conrad alikutana naye Matadi mwaka 1890, aliichunguza Kongo, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1904. Kelele zikawa nyingi, mpaka mwezi Novemba 1908 Leopold akalazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji koloni lake. Miezi michache kabla ya hapo, Agosti 1908, matanuri karibu na jumba la mfalme huko Brussels yaliwaka kwa siku nane yakiteketeza makaratasi ya serikali ya Kongo.

Anayetaka kuendelea na somo hili aisome Sura Al-Kahf, ambayo Mtume (s.a.w.) alituusia kuzihifadhi aya zake kumi za mwanzo ili tukingwe na fitina ya Dajjali. Katikati ya sura atakuta habari za kitabu ambacho hakiachi dogo wala kubwa bila kulihesabu (18:50). Na kuelekea mwisho atakuta habari za watu waliopata hasara kuliko wote kwa matendo yao, ambao juhudi yao yote imepotea katika maisha ya dunia, na huku wao wanadhani kwamba wanafanya kazi nzuri (18:104-105).